Mistari Myeupe ya Bendera

Bendera ni kitambaa. Neno hili si tusi. Ni ukweli ambao mhakiki hana budi kuanza nao. Kitambaa hicho hufumwa kama kitambaa kingine chochote, hukatwa kwa mkasi, hushonwa kwa cherehani, hufifia kwa jua na huraruka kwa upepo. Mbona basi watu wazima husimama wima mbele yake? Mbona mwanariadha wa nchi yetu, ambaye hakulia mapafu yalipomwaka moto katika mzunguko wa mwisho, hububujikwa na machozi anapokiona kikipanda mlingotini katika mji wa ugenini? Kitu kiwezacho kumliza shujaa si kitu cha kupitwa bila kutazamwa.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu hapa Eldoret. Asubuhi moja ya mvua nilikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya nje ya mji. Somo lake lilikuwa alama za taifa. Alilifundisha kwa bidii: aliichora bendera ubaoni, akazitaja rangi na maana zake, na darasa zima likazikariri nyuma yake kwa sauti moja. Ndipo kijana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema: "Mwalimu, mtu akiisimamia bendera kila Jumatatu na kila Ijumaa, kisha akamchukia jirani yake kwa ajili ya kabila lake, je, huyo naye ni mzalendo?" Mwalimu mwanafunzi akanyamaza, akanitazama mimi. Mimi nikayatazama madirisha, kana kwamba swali lile lilikuwa la mvua. Kengele ikalia, ikatuokoa sote wawili.

Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile. Nimechelewa, lakini deni la mwalimu kwa mwanafunzi halifutwi na kengele.

Kazi ya mhakiki ni kusoma. Na bendera yaweza kusomwa kama shairi lisomwavyo. Ina mtungaji, ina wakati wa kutungwa, ina mpangilio, na ina maana zilizokusudiwa pamoja na maana zilizoingia baadaye bila ya kukusudiwa. Basi na tuisome yetu.

Bendera ya Kenya ilipandishwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja ulioko kando ya barabara ya Lang'ata mjini Nairobi, ambao leo huitwa Bustani ya Uhuru. Kabla ya usiku ule bendera nyingine zilikuwa zimetawala. Bendera ya Uingereza ilipepea juu ya maboma ya wakuu wa wilaya, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Mombasa, juu ya Fort Jesus, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki yake mpaka mwaka ule wa 1963. Mtu aliyezaliwa Mombasa mwaka 1900, kama aliishi hadi uhuru, aliona bendera tatu bila ya kuihama nyumba yake. Hapa pana funzo la kwanza: bendera huja na bendera huondoka, ardhi na watu hubaki. Aipendaye bendera peke yake amempenda mpita njia. Awapendaye watu amempenda mwenyeji.

Rangi tatu kubwa za bendera yetu, nyeusi, nyekundu na kijani, zilikuwa kwanza rangi za chama cha KANU. Jambo hili halifai kufichwa kwa vijana. Alama ya taifa ilitoka katika alama ya sehemu moja ya taifa. Lakini mwanzo wa kitu sio mwisho wake. Shati alilonunua baba huwa shati la mtoto, na mtoto akilivaa vizuri hapana amwulizaye lilikuwa la nani. Alama hukua kwa kutumiwa. Swali la haki si nani aliyeibuni, bali ni kama leo yawakumbatia wote.

Tuanze juu. Rangi nyeusi, tumefundishwa, ni watu wa Kenya. Nyekundu ni damu iliyomwagika katika kuupigania uhuru. Hapa yafaa tutulie kidogo, kwa maana wako wasemao damu hiyo ilikuwa ya watu wa mahali pamoja tu. Historia haikubaliani nao. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Lakini zaidi ya miaka 50 kabla yake, katika vilima vya Nandi visivyokuwa mbali na hapa niandikapo, Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, baada ya watu wake kupambana na utawala wa kigeni kwa miaka kumi. Na huko pwani, mwaka 1913, mama mmoja Mgiriama aitwaye Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wake wasitii amri za wageni, akakamatwa, akahamishwa mbali na kwao. Rangi nyekundu ni moja kwa sababu damu ni moja. Aliyeifuma bendera hakuacha nafasi ya kuandika majina ya makabila juu yake.

Rangi ya kijani ni ardhi. Sisi wa nyanda za Uasin Gishu twaijua rangi hii kuliko maelezo. Twaiona katika mahindi ya mwezi wa Juni, yakisimama safu kwa safu mpaka upeo wa macho. Lakini ardhi hii ina kumbukumbu chungu pia. Walowezi walipofika katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, nchi ilikatwa vipande, na vipande vikapewa nambari. Mji wetu wenyewe uliota juu ya shamba nambari 64, na kwa miaka mingi watu waliuita kwa nambari hiyo. Waliokuwa wakilisha mifugo yao humo kwanza waliondolewa. Uhuru ulipokuja, mashamba yakagawanywa na kuuzwa, na watu wa makabila mengi wakaja kununua na kulima. Kwa hiyo rangi ya kijani ni rangi ya neema, nayo ni rangi ya ugomvi. Mtungaji wa bendera aliiweka chini, pale mashina yanapokuwa, na ni kweli kwamba mambo mengi ya nchi yetu yameota hapo.

Sasa tufike kwenye rangi ambayo wanafunzi huitaja mwisho, na ambayo mimi naiona kuwa ndiyo roho ya shairi zima. Kati ya nyeusi na nyekundu umo mstari mweupe. Kati ya nyekundu na kijani umo mstari mwingine mweupe. Rangi hii ni amani. Yatazame mambo mawili. La kwanza, mistari hiyo ni myembamba sana. Ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Mtu aliye mbali na mlingoti aweza asiione kabisa. La pili, pamoja na wembamba wake, ndiyo inayozizuia rangi nyingine zisigusane. Iondoe, na watu watagusana na damu. Iondoe, na damu itaigusa ardhi. Sidhani kwamba walioichora bendera waliyawaza haya yote. Huenda walitaka kupendeza macho tu. Lakini andiko jema husema zaidi ya mtungaji wake, na miaka 44 baada ya bendera kupandishwa, sisi wa Eldoret tulilisoma andiko hilo kwa machozi.

Kabla sijafika huko, niseme neno juu ya ngao na mikuki iliyo katikati ya bendera. Ni ngao ya Kimaasai, na mikuki miwili imepishana nyuma yake. Walimu wengi huishia kusema kwamba ni ishara ya ulinzi. Ulinzi wa nini, na kwa silaha gani? Kulijibu swali hili yafaa tuisome bendera pamoja na wimbo wa taifa, kwa kuwa viwili hivi vilizaliwa mwaka mmoja. Wimbo wetu ulitayarishwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuazima sauti za tarumbeta za majeshi ya Ulaya. Walichukua wimbo ambao mama wa Kipokomo, katika bonde la mto Tana, humbembelezea mtoto wake alale. Hili ni jambo la ajabu na la kupendeza. Mataifa mengi huimba kwa mwendo wa askari. Sisi twaimba kwa mwendo wa mama na mtoto.

Na maneno ya wimbo ni nini? Ni sala, wala si majigambo. Hautaji adui hata mmoja. Haumtaji kiongozi hata mmoja, wala chama, wala kabila. Ubeti wa kwanza waiita haki kuwa ndiyo ngao. Basi pale ambapo bendera yachora ngao ya ngozi, wimbo watuambia ngao ile ni nini hasa. Taifa halilindwi kwanza na mkuki. Lalindwa kwanza na haki. Ubeti wa pili wawaamsha watu kufanya kazi na kutumika kwa bidii, na ubeti wa tatu wawaita kujenga kwa umoja. Ukiuchunguza wimbo wote hutaona mahali uambiwapo uhisi fahari. Waambiwa uamke, utende, ujenge. Mapenzi ya nchi, kwa mujibu wa wimbo wetu wenyewe, ni kazi kabla hayajawa hisia.

Si kila alama yetu inayostahili sifa hizo, na mhakiki asiyeona dosari hakutazama. Itazame nembo ya taifa. Simba wawili waishikao ngao wamesimama kwa namna ya nembo za wafalme wa Ulaya; wanyama ni wetu, lakini kusimama kwao kumeazimwa. Na ndani ya ngao yumo jogoo aliyeshika shoka, naye alikuwa jogoo wa KANU. Chama hicho kilishindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, na waliokishinda wakaingia ofisini chini ya jogoo yule yule. Hata hivyo, chini ya miguu ya simba pamechorwa Mlima Kenya na mazao ya mkulima: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na nanasi. Hapo nembo yasema kweli. Simba na jogoo wamesimama juu ya mgongo wa mtu mwenye jembe. Na neno lililoandikwa chini kabisa ni Harambee, wito wa watu wavutao kamba moja. Kamba haivutwi kwa alama. Huvutwa kwa mikono.

Nimekwisha kusoma. Sasa nitahukumu. Ziko rai mbili juu ya alama za taifa, na naziona zote mbili kuwa na makosa.

Rai ya kwanza husema kwamba heshima ya bendera ndiyo uzalendo wenyewe. Mwenye rai hii humpima mtu kwa kusimama kwake wakati wa wimbo. Katika enzi ya Rais Moi, aliyetawala kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, watoto wa shule walikariri kiapo cha utii kwa Rais na kwa taifa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale wa mwisho. Nilikijua kwa moyo kabla sijajua maana ya nusu ya maneno yake, na rafiki zangu hali kadhalika. Kiapo kile kiliunganisha mtu mmoja na nchi nzima kana kwamba ni kitu kimoja, na aliyemkosoa mtu alihesabiwa kuwa ameisaliti nchi. Leo kiapo hicho hakisomwi tena, na nchi ingali ipo. Hilo latosha kuonyesha kwamba nchi haikuwa ikisimama juu yake.

Hatari ya rai hii ni kwamba yamfanya mtu aione ishara akakisahau kilichoashiriwa. Kisa cha Kisoi Munyao chatosha kuwa ushahidi. Huyu ndiye aliyeipandisha bendera yetu mpya kileleni mwa Mlima Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963, kama Alexander Nyirenda alivyoipandisha ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro mwaka 1961. Picha ya kazi yake ilijulikana nchini kote. Lakini alipofariki mwaka 2007, magazeti yalisimulia maradhi na ukata wa miaka yake ya mwisho. Tuliikumbuka bendera, tulimsahau aliyeibeba. Ni sawa na mtu aibusuye picha ya mama yake ukutani, naye mama mwenyewe yuko mlangoni ana njaa.

Rai ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Husema kwamba bendera ni kitambaa tu, na wimbo ni kelele tu, na mwenye akili hatajisumbua navyo. Wenye rai hii huwa ni werevu, na werevu wao huwavutia vijana. Lakini wamesahau kwamba binadamu hawezi kuishi bila alama. Pete ni chuma tu, lakini mwambie hivyo mjane. Kaburi ni udongo tu, lakini hakuna akanyagaye la babu yake. Watu zaidi ya milioni 50, wa lugha zaidi ya 40, hawawezi kuonana wote uso kwa uso wakajuana. Wahitaji kitu kimoja cha kutazama pamoja. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, rangi za bendera mbili ziliwekwa katika bendera moja, mstari mweusi ukikatiza kati ya kijani na buluu; hata asiyejua kusoma aliweza kuona kwamba wawili wamekuwa mmoja. Alama ni lugha ya umati. Asemaye haina maana atufundishe kwanza namna nyingine ya kusema na watu wengi hivyo kwa mara moja.

Basi alama si kila kitu, wala si bure. Ni ahadi. Bendera ni hati ya ahadi iliyoandikwa kwa rangi: kwamba watu hawa, waliookolewa kwa damu hii, watakaa katika ardhi hii kwa amani, wakilindwa na haki. Aiheshimuye ahadi ni yule aitimizaye. Na ahadi hupimwa siku ya dhiki.

Siku ya dhiki ilitujia mwisho wa mwaka 2007. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na nchi ikapasuka. Tarehe 31 Desemba, Lucas Sang, aliyevaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliuawa hapa karibu na mji wetu. Kesho yake, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa dogo la Kiambaa, kilomita chache kutoka Eldoret, waliteketezwa humo kwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Mmoja alikuwa wa kabila hili na wengine walikuwa wa kabila lile. Lakini moto na mawe havikutazama bendera. Machafuko yalipotulia, baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari yaliyosimamiwa na Kofi Annan, tume ya uchunguzi ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote, na mamia ya maelfu waliokuwa wamefukuzwa makwao.

Mimi nawaomba, vijana, mlifikirie jambo moja. Wale waliochoma na wale waliochomewa walikwenda shule. Waliimba wimbo ule ule wenye kuiita haki ngao. Walisimama chini ya mlingoti ule ule. Huenda wengine walisimama bega kwa bega katika mstari mmoja asubuhi moja ya Jumatatu. Kukariri hakukuwazuia. Rangi walizijua, mstari mweupe hawakuulinda. Na haikutosha kusema kwamba wanasiasa ndio waliochochea, maana mchochezi hupuliza tu. Kuni ni sisi. Yalikuwapo manung'uniko ya kweli ya ardhi na ya kura, na haki iliyocheleweshwa ilikuwa imeiacha ngao na tundu. Lakini hapana nung'uniko lenye dawa yake katika mtoto wa jirani.

Lakini ahadi nayo haikukosa watimizaji. Katika siku zile zile wako watu waliowaficha majirani zao wa kabila jingine darini na katika ghala za mahindi, wakidanganya mlangoni kwa midomo mikavu huku mishale ikiwangoja. Majina yao hayamo katika vitabu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameshika bendera usiku ule. Mikono yao ilikuwa na kazi nyingine. Nikiulizwa mzalendo ni nani, hao ndio wa kwanza nitakaowataja.

Katika nchi yetu ya wakimbiaji swali la bendera huja kwa sura nyingine pia. Mwaka 2003 kijana wa Keiyo, Stephen Cherono, aligeuka kuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwaka ule ule huko Paris akashinda ubingwa wa dunia wa mbio za kuruka viunzi na maji, akimshinda Ezekiel Kemboi wa Kenya. Bernard Lagat wa Nandi alichukua uraia wa Marekani. Kabla yao Wilson Kipketer, wa Nandi vile vile, alikuwa amekimbia kwa ajili ya Denmark na kushinda mita 800 duniani mara tatu. Wengi waliwaita wasaliti. Mimi sina haraka hiyo. Kijana aliyehama kwa ndoa, kwa masomo au kwa mkate, bila ya kumdhuru mtu, amebadili jezi, hakumwibia jirani. Lakini yuko mwingine ambaye hakubadili jezi. Bendera yapepea mbele ya gari lake, kama sheria iwaruhusuvyo wakubwa wachache tu, na fedha za dawa za hospitali zimo mfukoni mwake. Nani kati yao ameiacha Kenya? Inashangaza kwamba twamlaumu zaidi aliyeondoka na miguu yake kuliko aliyebaki na mikono yake.

Na kuna namna ya uzalendo ambayo huonekana kama uasi inapoanza. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, mahali ambapo maskini wa Nairobi hupumzika chini ya miti. Mama mmoja, Wangari Maathai, aliandika barua za kupinga. Bungeni alitukanwa na kuchekwa. Ofisi za chama chake zikaondolewa katika jengo la serikali. Lakini jumba halikujengwa, na miti ingalipo. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Waliomcheka walikuwa na bendera mezani. Yeye alikuwa ameilinda rangi ya kijani. Kuikosoa nchi yako kwa ukweli ni sawa na kumwambia ndugu yako kwamba paa la nyumba yake lavuja: haipendezi kusikia, lakini adui angenyamaza.

Mwezi wa Juni 2024 bendera ilionekana mahali papya. Vijana walioandamana kuupinga Mswada wa Fedha, hapa Eldoret na katika miji mingine, walijitanda bendera mabegani na kuuimba wimbo wa taifa barabarani. Tarehe 25 Juni, walipoingia Bungeni, damu ilimwagika. Askari waliwekwa kulilinda jumba lenye bendera. Vijana walikuja wamevaa bendera. Mwenye kutazama bendera peke yake asingeweza kujua nani yu katika haki siku ile, maana ilikuwa pande zote mbili. Ilimbidi atazame zaidi: nani alikuwa na jiwe na nani mikono mitupu, nani alifyatua na nani aliyeanguka, nani alipora duka na nani aliyezuia uporaji. Bendera haihukumu kwa niaba yetu. Hutuachia kazi hiyo, nayo huendelea kupepea.

Sasa narudi kwa kijana wa ile asubuhi ya mvua. Mwanangu, uliuliza kama mtu aisimamiaye bendera na kumchukia jirani yake ni mzalendo. Jibu ni hapana. Huyo ameipenda rangi akaichukia maana. Rangi ya kwanza katika bendera, iliyo juu ya zote, ni watu. Na jirani yake ni mtu. Hawezi kuipigia saluti sehemu ya juu ya kitambaa huku akiikanyaga sehemu ya juu ya nchi.

Lakini usitoke hapo ukadharau kusimama. Simama bendera ipandapo, na usimame wima. Kisha fanya kile ambacho mwalimu wako hakukwambia siku ile: tazama mistari myeupe. Itafute kwa macho mpaka uione, hata kama bendera ya shule yenu imefifia. Halafu ukishuka kutoka uwanjani jiulize umeulindaje mstari huo wiki hii. Ulipomsikia mwenzako akilitukana kabila la mwingine katika bweni, ulicheka? Ulipokuwa kiranja, ulimgawia chakula zaidi asemaye lugha ya nyumbani kwenu? Uliiba mtihani, ili kesho uwe daktari asiyejua dawa? Haya ni mambo madogo, kama mistari ile ilivyo myembamba. Mapenzi ya nchi hayamngoji mtu mpaka apewe mlima wa kupanda.

Eldoret imepewa hadhi ya jiji tangu Agosti 2024, na bendera nyingi zapepea juu ya majumba yake mapya. Napita chini yake kila siku nikienda kazini. Lakini nipitapo njia ya Kiambaa natembea polepole, na hapo ndipo nijikumbushapo ahadi niliyoiimba nikiwa mtoto kabla sijaielewa. Sasa naielewa, na kuielewa kumenitwika kazi. Wewe nawe umesoma mpaka hapa. Basi kazi hiyo ni yetu sote wawili.